Mkwe wa Dirishani

Katika ploti moja ya mtaa wa Pioneer, Eldoret, ile yenye geti la bluu na tangi la maji lililoinama, watu wanamjua Dismas Wabuge kwa mambo mawili. La kwanza, atakusalimia asubuhi, na mkikutana tena baada ya nusu saa atakusalimia upya kana kwamba umetoka safari. La pili, kwa karibu mwaka mzima alikuwa hawezi kuingia nyumbani kwake bila kusimama getini na kukohoa. Hakuwa na kifua. Alikuwa na mama mkwe.

Wabuge ni mtu wa Webuye, mwembamba, wa miaka arobaini na sita, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alikuja Eldoret akiwa kijana kutafuta kazi ya kiwanda, akaikosa, akaishia kwenye duka la kuchapisha mjini, na huko ndiko aliko mpaka leo. Anapanga maneno na picha kwenye kompyuta: kadi za harusi, kalenda za makanisa na, zaidi ya yote, programu za mazishi. Familia ikileta maisha ya marehemu yameandikwa ovyo ovyo kwenye karatasi ya daftari, yeye huikalia karatasi hiyo mpaka marehemu aonekane mtu. Hakuna anayemlipa zaidi kwa hilo, wala hajawahi kuomba.

Alipokuwa darasa la saba, mwalimu mmoja aliyekuwa akihama shule alimwachia kitabu cha hadithi cha Kiingereza, cha watoto, kilichochapishwa Uingereza kabla Wabuge hajazaliwa. Kina jalada gumu la kijani lililochubuka, na michoro ya wino ya watoto waliovaa soksi ndefu. Ni hadithi ya kaka na dada wanaopelekwa kwa treni kuishi na shangazi yao mkali, mwenye kinu cha kusaga ngano kando ya mto. Ng'ambo ya mto anaishi kaka wa huyo shangazi, na wawili hao hawajasemezana kwa miaka ishirini. Kila siku watoto wanavuka daraja wakibeba maneno: mwambieni huyo mwanamume bata wake wamekuja kwangu tena; mwambieni huyo mwanamke bata hawajui mpaka. Ndiyo hadithi yenyewe. Hamna jini wala hazina, lakini Wabuge aliisoma mpaka akaijua kama njia ya kwenda kwao, na alipopata watoto, Joy na Ronnie, akawa anawasomea kila Jumapili saa kumi, baada ya chai. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, kwa sababu Ronnie alikuwa bado mdogo na Kiingereza cha kitabu hicho kilikuwa na kona nyingi. Sura moja kila Jumapili, hata mlie.

Sasa, mama mkwe. Figo zilimshinda Mama Tryphosa kule Kimilili, ikabidi asogee karibu na hospitali yenye mashine ya kusafisha damu. Bintiye Sylvia, mke wa Wabuge, anashona sare za shule mjini, na ndiye mtoto aliyekuwa karibu. Lakini kwao mama halali katika nyumba ya mume wa binti yake, hata awe mgonjwa wa namna gani. Mama na mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anashika kando na kugeuka mpaka mwenzake apite. Usidhani ni chuki. Ni heshima, na watu wa kwao hawana heshima nyingine inayoizidi. Kuna namna ya kuilegeza, wazee wa pande zote mbili wakikaa na mkwe akaleta blanketi na mbuzi, ila wazee ni wazee, na kila mwaka palikuwa na sababu ya kungoja mwaka mwingine.

Basi wakamkodishia chumba kimoja katika ploti hiyohiyo, hatua saba kutoka ubavu wa nyumba yao. Wabuge akikohoa getini, Mama Tryphosa anaingia ndani na kuvuta pazia. Mama akitaka kwenda msalani, Joy anatumwa kuchungulia kama baba yake hayuko uani. Jirani yao Sharon, mzaliwa wa Ainabkoi ambaye hapitwi na neno, alikuwa akiwatazama na kucheka: "Nyinyi mnaishi kama mwizi na polisi, na hata sijui mwizi ni nani." Katika ndoa ya miaka kumi na mitatu Wabuge alikuwa ameona mgongo wa mama mkwe wake, leso yake, na viatu vyake vyeusi vya plastiki. Uso wake hakuujua.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, jua kali, madirisha yote wazi. Wabuge alikuwa amefika pale mchungaji anapokuja kunywa chai kwa shangazi, anavua kofia na kuiweka chini, na bata mmoja anaingia taratibu na kuikalia. Mtu akacheka nje. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtu mzima, kikakatwa katikati kana kwamba mwenyewe amejiziba mdomo. Joy akaenda kuchungulia dirishani.

"Ni kukhu," akasema, kwa maana ndivyo watoto wa kwao wanavyomwita nyanya. "Amekaa hapa chini ya dirisha anachambua mboga."

Mkwe mwingine angefunga dirisha. Wabuge alisimama, akavuta pazia, dirisha akaliacha wazi. Akasogeza kiti chake mpaka mgongo ukagusa ukuta, akarudi mwanzo wa sura, pale bata hajaingia, na safari hii akasoma kwa sauti ya juu kidogo.

Toka siku hiyo Mama Tryphosa hakukosa. Saa kumi kasoro robo utamwona anatoka na kigoda chake, leso mbili, sufuria ya mboga ya kusingizia, anakaa ameupa mgongo ukuta uleule. Kati yao palikuwa na matofali ya inchi sita. Wiki mbili alinyamaza. Wiki ya tatu akashindwa.

"Joy," akaita kutoka nje, "muulize baba yako, huyo shangazi ni wa upande wa baba ama wa mama?"

Joy, miaka kumi na miwili, amekaa kwenye ukingo wa dirisha, akageuza kichwa. "Baba, kukhu anauliza ni shangazi wa upande gani."

Wabuge alikuwa amesikia vizuri sana. "Mwambie kukhu kitabu hakisemi. Wazungu wanaita wote jina moja."

"Kukhu, anasema wazungu wanaita wote jina moja."

"Mwambie hiyo ni mbaya."

Ndivyo walivyoanza kuongea, hao watu wawili wasioongea. Alipofika kwenye theluji, Wabuge akaanza kueleza kwamba ni kitu kama mvua ya mawe lakini laini, na Mama akamtuma Joy amwambie asijisumbue, yeye baridi anaijua. Katika usichana wake alikuwa akichuma maua ya pareto kule Ainabkoi, na asubuhi nyingine walikuta majani yote yamekuwa meupe, yanavunjika mkononi. Akataka kujua pia kwa nini hao watoto wanakula mkate asubuhi, mkate mchana na mkate jioni. Alipouliza kama huko Uingereza hakuna wazee wa kumkalisha shangazi na kaka yake chini, Wabuge alifikiri wiki nzima, na Jumapili iliyofuata akamtuma Joy amwambie kwamba ametafuta kitabu chote na hakuona mzee hata mmoja wa maana.

"Ndiyo maana," Mama akasema.

Siku moja Joy alichoka. "Kwani nyinyi hamskizani? Si nyote mko tu hapa!"

Kisha Mama akasema, "Wewe fanya kazi yako," na Wabuge, kwa wakati mmoja naye, akasema, "Sikiza kukhu." Ronnie alicheka mpaka akamwaga chai.

Wabuge alifiwa na mama yake akiwa kidato cha pili. Tangu hapo hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza jambo kwa kutaka tu kujua anafikiri nini. Sasa alianza kuandaa sura yake tangu Jumamosi, akitafuta neno la Kiswahili la hiki na kile, akibahatisha Mama atauliza wapi. Akiwa kazini, katikati ya programu ya mazishi ya mtu, alijikuta anatabasamu peke yake. Alimpenda yule mama. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakuwahi kulisema, na kwa desturi zao hakuwa na mahali pa kulisemea. Sylvia alimwambia kwamba siku za mashine mama yake huwasimulia wagonjwa wenzake sura nzima, na siku moja wodi iligawanyika, nusu wakisema shangazi ana haki, nusu wakisema ana kiburi.

Mwezi wa saba Mama akaanza kukosa nguvu. Jumapili nyingine alitoka na kigoda, akasikiliza nusu sura, akarudi ndani akishikilia ukuta. Ndipo akatuma maneno haya: "Joy, mwambie baba yako nataka kumaliza hiki kitabu kabla Mungu hajaniita."

"Mwambie kukhu tutamaliza pamoja," Wabuge akasema.

Angeweza kusoma sura mbili kila Jumapili. Sylvia alimwambia hivyo. Joy pia. Akakataa, akasema utaratibu ni utaratibu, na ukweli ni kwamba hakutaka kitabu kiishe. Alijua kikiisha hatakuwa na sababu nyingine ya kukaa ameegemea ukuta ule. Basi Mama Tryphosa alipolazwa, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, sura tatu zilikuwa zimebaki.

Kila saa sita mchana Wabuge alitoka dukani na chupa ya uji, akapanda ngazi za hospitali hadi ghorofa ya tatu, akasimama kwenye korido, pembeni mwa mlango wa wodi, mahali ambapo mtu wa kitandani hawezi kumwona. Sylvia anatoka, anapokea chupa, anarudi ndani. Jumatatu alipotoka kupokea, Sylvia hakurudi mara moja.

"Mama anasema uje umalizie kitabu."

"Nije wapi?"

"Hapa. Ndani."

Wabuge alitazama chini. "Si ni dawa zinaongea?"

"Mimi sijui, Baba Joy. Nimekwambia vile amesema."

Alipofika dukani hakufanya kazi. Alifikiri jinsi Mama alivyokuwa amelala pale: kichwa wazi bila kitambaa, nguo ya hospitali isiyofungika mgongoni, mipira puani. Yeye, mkwe, aingie amkute hivyo? Amtazame? Ingekuwa kumvua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwao mwenye akili timamu angefanya: akampigia Mzee Kituyi, shemeji wa Mama Tryphosa, ndiye mkubwa wa ukoo kule Kimilili.

"Kijana wangu," Mzee Kituyi akasema, "usikimbizane na mambo. Huyu mama amejiheshimu miaka yote, wewe ukamwaibishe kwa kitanda? Ngoja. Jumamosi ya wiki ijayo mimi na wazee tunakuja huko Eldoret. Wewe tafuta blanketi na mbuzi, tufungue hii kitu vizuri. Baada ya hapo utamsomea mpaka uchoke."

"Asante sana, Mzee," Wabuge akasema, na akatoka jioni hiyohiyo kwenda kununua blanketi, zito, la rangi ya kahawia.

Lakini hakutaka Mama angoje kitabu muda wote huo. Jumanne na Jumatano, saa ya chakula, alijifungia kwenye stoo ya karatasi pale dukani, akafunika kichwa kwa koti ili kelele za bodaboda zisiingie, akasoma sura zote tatu akijirekodi kwenye simu. Alisoma vizuri. Shangazi alimpa sauti yake, na kaka naye akampa ya kwake. Mafuriko yanakuja, daraja linabebwa, watoto wanabaki upande mmoja na hakuna tena wa kubeba maneno. Shangazi anatoka kwenye kinu, anaingia majini na viatu vyake, maji yanamfika kiunoni, anavuka, anafika kwa kaka yake, na neno lake la kwanza baada ya miaka ishirini ni "Umekonda." Wabuge alisoma sehemu hiyo mara nne ndipo aliporidhika nayo. Akazituma zote tatu kwa simu ya Sylvia.

Jioni Sylvia aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni.

"Amesikiza?"

"Amesikiza yote."

"Ameuliza nini?"

"Hajauliza kitu. Alifunga macho akasikiza, ikiisha akasema asante."

"Hata kuhusu daraja hajauliza?"

"Nimekwambia hajauliza, Baba Joy. Amechoka."

Wabuge akasema kweli, amechoka. Mtu aliyeuliza habari za mkate, za bata, za wazee wa Uingereza, amefika mwisho wa kitabu chote na hana hata swali moja, na mkwe wake akaridhika kwamba ni uchovu. Mimi nikimfikiria hapo nataka kumtikisa mabega.

Alhamisi alipanda ngazi na chupa yake kama kawaida. Mlango wa wodi ulikuwa umeachwa wazi ili hewa iingie. Alisimama pembeni, mgongo ukutani, na akasikia ile sauti aliyoizoea, imekuwa nyembamba lakini ni ileile.

"Sylvia. Ni nani amesimama hapo nje?"

"Ni Baba Joy, mama. Ameleta uji."

"Mwambie aingie."

Hakupaza sauti. Wala hakuongea kama mtu anayeweweseka. Wabuge alisikia kwa masikio yake mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyosikia kila swali kwa miezi saba. Sylvia akaja mlangoni, na kabla hajafungua mdomo Wabuge alikuwa ameshatikisa kichwa na kuiweka chupa kwenye benchi.

"Mwambie Jumamosi ya wiki ijayo," alinong'ona. "Mwambie wazee wanakuja. Tutafanya vizuri."

Akashuka ngazi haraka haraka, ghorofa tatu, viatu vikigonga saruji, kama mtu aliyeponea chupuchupu kufanya kosa. Alipofika chini kwenye jua alijisikia mtu mwema. Alisalimia mlinzi wa getini mara mbili.

Mama Tryphosa alifariki Jumamosi asubuhi. Si ile ya wazee. Ile ya kabla.

Edinah, mwenye duka, alimwambia apumzike, programu ya mama mkwe wake itapangwa na mtu mwingine. Wabuge alikataa. Jumatatu Sylvia akamtumia picha iliyopigwa siku ya akina mama kanisani, na yeye akaifungua kwenye kompyuta, akaivuta iwe kubwa ili akate pembeni, kama alivyofanya kwa picha nyingine elfu. Akasimama hapo. Alikuwa anamtazama usoni. Mama Tryphosa alikuwa na pengo dogo la mbele, na unyusi mmoja ulikaa juu kuliko mwenzake, hivyo hata akiwa amepozi alionekana kama anataka kuuliza kitu. Joy ana unyusi huohuo. Miaka yote Joy amekula mezani pake na unyusi ule, na yeye hakuwa na habari umetoka wapi.

Sasa angeweza kumtazama kadiri atakavyo, na hakuna mzee ambaye angemkataza. Alimtazama mpaka mteja mmoja akagonga kaunta. Wabuge akalia hapohapo, mchana, mbele ya watu waliokuja kuchukua kadi za harusi. Edinah akamzimia kompyuta, akamleta nyumbani Pioneer kwa gari lake.

Mazishi yalikuwa Kimilili. Wakwe walikaa kwenye tenti yao, mbali na jeneza, kama inavyotakiwa. Mzee Kituyi aliposhika maikrofoni alisema mengi, na mwishowe akanyoosha fimbo kuelekea tenti ile.

"Mnamwona huyu Wabuge? Simama, kijana wangu, watu wakuone. Siku hizi wakwe wanaingia hadi jikoni. Huyu ameishi ploti moja na mama mkwe, na hajamvunjia heshima hata siku moja. Hata hospitali, mama yuko mahututi, huyu hakuingia wodi! Alisimama nje. Mkwe kama huyu mtampata wapi?"

Watu wakapiga makofi. Akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele. Wabuge alisimama mbele ya umati wote huo, akakaa tena, na mpaka ibada ilipoisha hakuinua macho kutoka kwenye viatu vyake.

Jumapili iliyofuata walikuwa wamerudi Eldoret. Saa kumi, chai imenywewa, Ronnie akaenda kuleta kitabu mwenyewe, kwa sababu yeye na dada yake zile sura tatu walikuwa hawajasomewa. Wabuge hakutaka, lakini alikuwa amewanyima watoto mambo mengi wiki hizo mbili. Akaketi mahali pake. Sylvia alikuwa pale chumbani, akipiga pindo la sare kwa mkono, sindano na uzi. Wabuge alikuwa amesoma mistari michache tu, mvua imeanza kunyesha na mto bado haujajaa, alipoona Joy analia.

"Nini? Bado hatujafika mahali pabaya."

"Naijua," Joy akasema. "Najua vile inaisha."

"Umesoma?"

"Nilisomea kukhu."

Wabuge akashusha kitabu. "Lini?"

"Kabla alazwe. Ile wiki ya mwisho, nikitoka shule. Alisema pengine hatafika, so nimsomee yote. Daraja, na vile shangazi anaingia kwa maji, yote. Akasema nisikwambie, ndio usiache kusoma."

Hapo Wabuge aliona jambo lote. Mama alikuwa anajua mwisho. Alikuwa anaujua kabla hajalazwa, kabla ya Jumatatu ile, kabla ya stoo na koti na zile sauti mbili. Ndiyo maana hakuwa na swali.

"Sasa kama alikuwa anajua mwisho," alisema, "aliniitia nini?"

Joy alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Kuna kitu alitaka kukwambia. Nikamwambia si aniambie mimi nikuambie, kama kila siku. Akakataa. Akasema hii haipitii kwangu."

"Kitu gani?"

"Si nimekwambia alikataa, Baba."

Wabuge akageuka kwa mke wake. Sylvia alikuwa ameacha kushona, sindano iko hewani.

"Mama Joy. Wewe alikwambia?"

"Nilimuuliza. Ile Alhamisi, ukiondoka. Akasema si langu."

"Hakusema lolote lingine?"

Sylvia hakutaka kusema. Ilionekana alivyokuwa akiikunja ile sare na kuikunjua. Lakini mumewe alikuwa anamtazama, na watoto pia.

"Ukishuka ngazi nilianza kumwambia mambo ya wazee na Jumamosi. Akaniambia ninyamaze, anasikiza viatu. Tukanyamaza mpaka vikaisha. Nikamwambia, mama, ni heshima tu. Akasema anajua ni heshima." Sylvia aliiweka sare chini. "Alikuwa analia, Baba Joy."